Kanisa Limefungwa, Bili Zinaendelea: Mwongozo wa Kutunza Fedha na Majengo ya Parokia Wakati wa Janga

Jumapili ya nne ya Kwaresima, tarehe 22 Machi 2020, serikali ya Kenya ilitangaza kusimamisha mikusanyiko yote ya ibada nchini kwa sababu ya korona. Kesho yake asubuhi nilikuwa ofisini kwa paroko wetu hapa Malindi, daftari la fedha mkononi, na miwani iliyofungwa uzi.

"Mzee, tuna pesa ngapi?" akaniuliza.

"Benki na kasha pamoja, Padre, ni shilingi 212,400."

"Basi tutasukuma hadi Pasaka ipite."

Siku mbili baadaye tuligundua kwamba nilikuwa nimemjibu vibaya. Hesabu yenyewe ilikuwa sawa hadi senti, ila katika hizo 212,400, za parokia zilikuwa 61,000 tu. Zilizobaki zilikuwa za watu wengine, zimelala kwenye akaunti yetu. Na hizo 61,000 hazikutosha mishahara ya mwezi mmoja na umeme.

Mwongozo huu ni kwa paroko, mweka hazina na kamati ya fedha watakaokutwa na janga lijalo, liwe la virusi au kipindupindu. Mifano ni ya Pwani kwa sababu hapa ndipo nilipofanyia kazi, na kwa sababu chumvi ya bahari ina mambo yake.

Hatua ya kwanza: fedha ni za nani?

Kabla hujakata matumizi wala kuomba msaada, chukua karatasi na uligawe salio lako kwa wenyewe. Kwetu ilikuwa hivi: Kampeni ya Kwaresima 38,600, nia za misa (fedha za wanaoomba misa kwa ombi lao) 17,800, ujenzi wa kigango, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, 74,000, na 21,000 za akina mama ambao walituwekea tu kwa sababu hawakuwa na akaunti yao. Jumla 151,400. Hakuna hata shilingi moja hapo ya kumlipa mlinzi.

Sheria ya Kanisa haina utani hapa. Kanuni ya 1267 inasema sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu. Mtu akitia 500 kwenye bahasha ya mabati ya kigango, amenunua mabati, hakununua tokeni za umeme. Ukizitumia kwingine bila idhini, hata kama dari ya nyumba ya mapadre inavuja, umemvunjia ahadi.

Je, haiwezekani kabisa kuazima? Ukikwama, rudi kwa aliyetoa. Sisi tuliwaandikia wenyeviti wa jumuiya (vikundi vidogo vya waumini) zilizochangia kigango, tukasema: tunaomba 30,000 kati ya 74,000 zilipe walinzi kwa miezi mitatu, na zitarudishwa kabla ya Krismasi. Jumuiya tisa zilikubali kwa maandishi, mbili zikakataa. Za zile mbili hatukuzigusa. Barua hizo ziko kwenye faili hadi leo, na nakala ilikwenda kwa ofisi ya jimbo.

Sadaka maalumu za Kanisa zima nazo zina wenyewe. Mwaka 2020 Roma yenyewe iliziahirisha: ile ya Ijumaa Kuu kwa ajili ya Nchi Takatifu ikasogezwa hadi tarehe 13 Septemba, na ile ya Baba Mtakatifu, ambayo hukusanywa mwishoni mwa Juni, ikawa tarehe 4 Oktoba. Kwa hiyo usiwe na haraka ya kuifuta kwenye kalenda sadaka ambayo siku yake imepita. Subiri tangazo, na ukipokea chochote kwa jina hilo, kiwekee mstari wake.

Nia za misa ni jambo la peke yake, na hapa nimeona parokia nyingi zikiteleza. Fedha ya nia haiingii kwenye kapu la parokia. Imefungamana na misa mahususi ambayo padre lazima aiadhimishe. Kanisa likifungwa, misa za hadhara zinasimama lakini watu wanaendelea kuleta nia, tena nyingi zaidi, maana misiba inaongezeka. Kanuni ya 953 inakataza padre kupokea nia nyingi kuliko anazoweza kutimiza ndani ya mwaka. Hesabu nia zilizo kwenye kitabu na uzilinganishe na siku zilizobaki. Zikizidi, zihamishiwe kwa mapadre wengine pamoja na fedha zake zote, bila kukatwa. Wakati ule kujumlisha nia nyingi kwenye misa moja kuliruhusiwa tu kama watoaji walikuwa wameambiwa wazi na wamekubali, tena si zaidi ya siku mbili kwa juma, na padre alibaki na sadaka ya nia moja tu. Zilizozidi zilikwenda alikoelekeza askofu. Haya yalikuwamo katika dikrii (amri) ya Roma ya mwaka 1991, haikungoja korona; mwaka 2025 Roma ilitoa dikrii mpya, isome hiyo.

Hatua ya pili: nani anatia sahihi, na yuko wapi?

Hili hatukulifikiria hata kidogo mpaka lilipotukuta. Tarehe 8 Aprili 2020 kaunti za Kilifi, Kwale na Mombasa zilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na Kilifi haikufunguliwa hadi mwanzoni mwa Juni. Jimbo la Malindi limetandaa kaunti tatu: sehemu ya Kilifi, Tana River na Lamu. Ofisi ya jimbo iko Malindi mjini. Yaani parokia za Lamu na Tana River zilijikuta ng'ambo ya kizuizi, na ofisi yao iko upande huu.

Sasa fikiria parokia ambayo watia sahihi wa benki ni watatu, wawili lazima wasaini, mmoja amekwenda kwao Machakos kuzika na mwingine anaishi upande wa pili wa mpaka wa kaunti. Pesa zipo na hakuna anayeweza kuzitoa. Angalia orodha yenu leo. Hakikisheni angalau watatu wanaishi umbali wa kutembea kwa bodaboda bila kuvuka mpaka wa kaunti, na kwamba benki ina namba zao za simu za sasa. Kama benki yenu inaruhusu malipo ya simu au kompyuta yanayohitaji watu wawili kuidhinisha, jiandikisheni mapema. Kubadilisha watia sahihi kunahitaji barua kutoka jimboni, na barua wakati wa janga hutembea kwa mwendo wa kobe.

Kumbukeni pia kwamba paroko ndiye anayeiwakilisha parokia, lakini kwa sheria za nchi mali ya Kanisa kwa kawaida imeandikwa kwa jina la Wadhamini Waliosajiliwa wa jimbo. Paroko na mimi hatuwezi kwenda kukopa benki kwa kuweka rehani kiwanja cha shule. Matumizi ya kawaida, mishahara, maji, ukarabati mdogo, hayo ni ya parokia na kamati yake ya fedha, ambayo kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe nayo. Mkopo, kuuza, kukodisha kwa muda mrefu au ujenzi mkubwa huhitaji ruhusa ya maandishi. Mwaka ule jimbo letu halikuwa na askofu wake: Askofu Emanuel Barbara alifariki Januari 2018, na Askofu Willybard Lagho aliteuliwa Desemba 2020. Maombi ya aina hiyo yalikwenda kwa msimamizi wa kitume, yaani aliyewekwa na Roma kuliongoza jimbo kwa muda. Kiti kikiwa wazi, si wakati wa kuanzisha makubwa.

Hatua ya tatu: bajeti ya wiki kumi na tatu

Achana na bajeti ya mwaka, kwa sasa haina maana. Chora jedwali la wiki 13. Kila wiki iwe na pesa za mkononi, zinazotarajiwa, na zinazotoka. Kwenye zinazotarajiwa andika nusu ya unachokiamini, halafu ukipunguze tena. Sisi wa Malindi tulijua mapema kwamba sadaka itaporomoka, maana waumini wetu wengi hula kwa hoteli: wapishi, wafagiaji, madereva, wachonga vinyago, wauza samaki. Italia ilikuwa imejifungia nchi nzima tangu Machi 9, na Mwitaliano asipokuja Malindi na Watamu, kikapu cha Jumapili hukijui. Marafiki wa parokia kutoka huko nao walikuwa wakizika watu wao. Ahadi ya mfadhili isiingie kwenye jedwali hadi pesa iingie benki.

Upande wa kutoka, panga kwa zamu: kwanza watu, pili usalama wa majengo, tatu makato ya serikali na bili zinazoweza kukatiwa, mwisho kila kitu kingine. Maua na nguo za kwaya zinaweza kusubiri.

Kuhusu wafanyakazi nitakaa kidogo, maana hapa Kanisa huaibika. Katekista, mpishi, karani, mlinzi na msafishaji ni wafanyakazi kama wengine na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inawahusu. Huwezi kumwambia mpishi mlangoni "kuanzia mwezi huu ni nusu." Mshahara ukibadilishwa, mnazungumza kwanza, anakubali, na mnaandika. Ukimwachisha kwa sababu hakuna kazi, kuna taarifa ya mwezi mmoja, nakala kwa afisa wa kazi, na malipo ya si chini ya siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Mtu wa miaka 12 anakuja na deni la miezi sita ya mshahara. Mara nyingi, ukipiga hesabu vizuri, kumweka kwa siku tatu kwa juma ni nafuu kuliko kumwachisha.

Sisi tulikaa na wote watano chini ya mti wa mkilifi ulio nyuma ya ofisi, tukawaonyesha jedwali lenyewe. Sikusoma hotuba. Mama mpishi aliuliza kwa nini bei ya mafuta ya gari haijapungua ilhali vigango haviendeki. Alikuwa sahihi, nilikuwa nimenakili tarakimu ya Februari. Tukaikata, na mshahara wake ukakatwa kidogo kuliko tulivyokuwa tumepanga. Barua ya kila mmoja ilikuwa na tarehe ya mwisho wa makubaliano, maana punguzo lisilo na tarehe huwa la milele.

Fuatilia pia nafuu za kodi zinazotangazwa. Kuanzia Aprili 2020 waliolipwa hadi 24,000 kwa mwezi walisamehewa kodi ya mshahara hadi mwisho wa mwaka. Kama karani wako aliendelea kukatwa kwa mazoea, ni pesa yake, mrudishie.

Hatua ya nne: sadaka kwa simu

Machi 2020 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kuondolewa kwa ada za kutumiana fedha kwa simu hadi shilingi 1,000. Ilikuwa rehema kwa maskini, ikawa mtego kwa parokia. Kutuma kwa namba ya mtu kukawa bure, basi watu wakaanza kutuma sadaka kwenye namba ya padre, au ya mwenyekiti, au ya mweka hazina. Nilipata 3,450 kwenye simu yangu kabla sijajua nifanye nini. Usikubali hata kwa wiki moja. Padre mwaminifu kuliko wote akifariki au simu ikiibwa, fedha ya parokia imechanganyika na ya dada yake mjane.

Omba pei bili, usiombe tili; zote ni namba za kupokelea malipo ya simu. Tofauti yake ni ndogo kwa macho lakini kubwa kwa daftari: pei bili ina nafasi ya kuandika namba ya akaunti, tili haina. Nafasi hiyo ndiyo inayokuambia fedha ni ya nani, yaani hatua ya kwanza yote unaifanyia pale. Iandikishwe kwa jina la parokia kupitia jimbo, fedha ziingie akaunti ya benki ya parokia, na kabla hujasaini uliza ni nani anakatwa ada, mtoaji au ninyi.

Halafu wafundishe watu nini cha kuandika. Mwezi wa kwanza taarifa yetu ilikuwa na "sadaka", "SADAKA", "sdk", "mama Kadzo", "Mungu ni mwema", na moja iliyosema "ya jana". Tukabuni alama: herufi moja na namba ya jumuiya. S ni sadaka, Z ni zaka, N ni nia, U ni ujenzi. Mtu wa jumuiya ya 7 akitoa zaka anaandika Z7. Basi. Tukaiandika kwa rangi kwenye ubao wa kila kigango, na katekista akaisema mwishoni mwa kila rozari ya WhatsApp. Wiki ya tatu zaidi ya nusu waliandika sawasawa. Hao wengine nilikuwa nawapigia simu mmoja mmoja, na usiidharau kazi hiyo: nusu ya wagonjwa wetu nilijua habari zao kwa simu za kuuliza "hii 200 ilikuwa ya nini, mama?"

Mambo matatu ya kukabana na wezi. Bango lenye namba libandikwe ndani ya kioo au lipigwe muhuri, kwa kuwa mtu anaweza kubandika namba yake juu. Usiamini ujumbe ulioonyeshwa kwenye simu ya mtu, amini taarifa ya akaunti. Na anayepakua taarifa asiwe yule anayeandika daftari.

Wazee wasio na simu? Bahasha. Kiongozi wa jumuiya anaikusanya ikiwa imefungwa, haifungui, na anaandika tu majina ya nyumba. Kuna bibi mmoja aliyekuwa akituletea shilingi 20 kila Jumamosi kwa mkono wa mjukuu, amezifunga kwenye kitambaa chenye fundo. Tulimwandikia risiti ya 20 kila wiki. Risiti inagharimu karibu sawa na sadaka yenyewe, najua.

Na kila mwezi toa taarifa. Kanuni ya 1287 inadai waamini wapewe hesabu ya walichotoa. Ukurasa mmoja unatosha: kilichoingia kwa kila mstari, kilichotoka, salio la parokia, salio la wengine. Piga picha, tuma kwenye makundi, bandika mlangoni. Mwezi uliokwenda vibaya ndio utoe mapema zaidi.

Hatua ya tano: jengo lililofungwa

Wengi hudhani kanisa tupu halitumii pesa. Hapa Pwani ni kinyume. Kanisa linalosaliwa hupigwa upepo kila Jumapili, hufagiliwa, na likivuja, tone huangukia kichwa cha mtu na mtu huyo hulalamika. Likifungwa, hakuna wa kulalamika. Mwaka 2020 tulifunga kaskazi ikiisha, masika ikaja, na kusi ikapiga mvua ubavuni mwa jengo huku madirisha yote yamekomewa.

Katikati ya Mei nilifungua mlango wa sakristia, harufu ikanipokea kabla ya macho. Kasula nyeupe, vazi la juu la padre kwenye misa, ilikuwa na ukungu wa kijani mabegani. Kinyesi cha popo juu ya altare. Kwenye dari, doa la kahawia lenye ukubwa wa sinia, na mbao zimeinama kama tumbo. Fundi akapanda juu, akashuka na msumari mmoja mkononi: kichwa chake kimeliwa na kutu, na kile kiraka cha mpira chini yake kimekuwa unga. Misumari 12 na mpira wa kuzibia ilikuwa 1,800. Dari ilikuwa 23,000. Mvua tatu ndizo zilizokula tofauti hiyo.

Tangu siku hiyo tulikuwa na mzunguko wa kila Jumatano, watu wawili, na daftari. Anzia nje. Tazama mabati hasa pale yanapolaliana, maana chumvi huanzia chini ya mkunjo usioonekana, na misumari huoza kabla ya bati. Safisha mifereji ya paa; jani la mwembe likiziba, maji hurudi ndani ya ukuta. Fungua tangi: kama halina kifuniko, unawafuga mbu. Tembea kando ya msingi ukitafuta njia za udongo za mchwa.

Ukuta wa matumbawe na chokaa ukipasuka, usimruhusu fundi azibe kwa saruji. Ukuta wa chokaa hupumua. Saruji huufunga unyevu ndani, chumvi ikasukuma, na mwaka unaofuata kipande chote kinabanduka na ngozi. Ziba chokaa kwa chokaa. Mafundi wazee wa Lamu wanalijua hili kuliko mimi.

Ndani, fungua milango na madirisha yote kwa saa mbili au tatu kukiwa na jua. Nyanyua benchi moja kila safu utazame miguu yake. Vitabu vya nyimbo visigusane na ukuta wala sakafu, kwani kwa mchwa hicho ni chakula kilichopangwa. Mavazi ya misa yatoke kabatini yakapigwe upepo kivulini. Daftari za ubatizo na ndoa zihamishiwe chumba kikavu zaidi mlicho nacho, hata kama ni chumba cha paroko. Washa vipaza sauti na kinanda kwa dakika 20, kisha chomoa kila kitu ukutani. Kinyesi cha popo usikifagie kikavu, vumbi lake ni baya kwa mapafu: vaa barakoa, kilowanishe kwanza, kisha ukokote. Na matundu ya popo yazibwe usiku wakishatoka, tena si msimu wa watoto, la sivyo watafia darini.

Vigango vilivyo mbali vina jambo la ziada. Kanuni ya 934 inataka penye Ekaristi pawe na mtu wa kuitunza na misa iadhimishwe walau mara mbili kwa mwezi inapowezekana. Padre akizuiwa njiani, tabernakulo (kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi) ya kigango ibaki tupu na Ekaristi ihamishiwe parokiani mapema, kabla kizuizi hakijawekwa.

Soma mkataba wa bima. Mikataba mingi ina kipengele kuhusu jengo lililokaa bila watu kwa siku kadhaa. Daftari la mzunguko wa Jumatano ndilo ushahidi wenu. Mlinzi naye: kafyu ilianza saa moja jioni, ikabidi zamu yake ibadilike ili afike kukiwa bado mwanga. Saa zilizoongezeka zilipwe.

Hatua ya sita: kufungua tena

Ibada ziliporuhusiwa Julai 2020 masharti yalikuwa watu 100 kwa wingi, saa moja, na wasiofika miaka 13 au waliozidi 58 wabaki nyumbani. Mimi nilikuwa na 61. Mweka hazina akawa haruhusiwi kuingia kwenye misa ambayo sadaka yake anaiandika. Tulikuwa na bahati ya kuwa na vijana wawili waliokwisha fundishwa kuhesabu. Parokia ambayo kamati yake yote ni wazee ianze kufundisha sasa.

Pima kabla ya kutangaza. Kwetu kuna mabenchi 40 ya mita tatu, ishirini kila upande, yanayobeba watu 280 wakibanana. Kwa umbali wa mita 1.5, benchi moja linachukua watu watatu, na benchi la pili linaachwa tupu. Mabenchi 20 mara 3 ni watu 60. Ili tufike 100 tukaweka viti 40 nje, chini ya mkilifi. Turubai tulilokuwa tunakodi kwa sherehe lingetumaliza. Kivuli cha mti ni bure na hewa yake ni bora. Kila misa ya ziada ina gharama ya sabuni, maji, umeme na muda wa wahudumu, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kuongeza misa ya tano.

Usafi: soma chupa ya dawa ya klorini. Kama ni asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 34 vya maji kinatosha kupangusa mabenchi na vitasa, na kikombe 1 kwa vikombe 6 ni kwa vyoo na palipochafuka sana. Ichanganywe siku hiyohiyo, madirisha yakiwa wazi, na isikutanishwe na dawa nyingine yoyote ya choo, maana hutoa gesi ya sumu. Isiguse kalisi wala vinara vya shaba, itaviharibu. Hivyo ni maji ya moto na sabuni. Sanitaiza ni spiriti: anayewasha mishumaa au chetezo asubiri mikono ikauke kabisa, na mtungi wake usikae sakristia yenye joto karibu na mishumaa. Mabakuli ya maji ya baraka yamwagwe ardhini penye heshima, yakaushwe, yafunikwe.

Kikapu hakipitishwi. Weka sanduku lenye kufuli mlangoni, watu wawili wasio ndugu wakilitazama. Baada ya misa wahesabu watatu kwenye chumba chenye madirisha, waandike noti kwa aina na sarafu kwa aina, wote wasaini, na fedha ilale benki kesho yake. Wasiotaka kusaini wasihesabu.

Hatua ya saba: chakula na misaada

Hoteli zilipofunga, watu walikuja ofisini kuomba unga kabla hatujapata hata gunia moja. Kikianza kuingia, fungua daftari tofauti na la fedha: tarehe, nani kaleta, kilo ngapi, nani kapokea, sahihi au dole gumba. Orodha ziandaliwe na jumuiya, na kila jumuiya itaje pia majirani wasio Wakatoliki. Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwishoni mwa Aprili. Tuligawa saa kumi jioni ili jirani Mwislamu aondoke na unga wa futari na awahi nyumbani kabla ya kafyu. Fedha za chakula zisilipe mishahara, na za mishahara zisinunue unga, hata moyo ukiuma. Mkitaka kusaidia kutoka mfuko wa parokia, kamati ikae, iandike kiasi na iishie hapo.

Wapangaji wa vyumba na maduka ya parokia waliokwama kodi waandikiwe makubaliano ya muda, kama mlivyowaandikia wafanyakazi. Ujenzi uliokuwa njiani: mlipeni fundi kazi iliyopimwa, funikeni vyuma visipigwe na chumvi, simamisheni.

Masharti yakishaondoka kabisa, fanyeni orodha ya kila kilichonunuliwa kwa ajili ya janga. Kwetu yalibaki madumu mawili ya sanitaiza, vipima joto viwili vilivyokufa betri, na matangi sita ya kunawia yenye pedali ya mguu. Madumu tuliyapeleka zahanati kabla tarehe yake haijapita. Matangi manne yako kwenye vyoo vya shule ya msingi, la tano liko jikoni kwa mama mpishi, na la sita lilivunjwa pedali na watoto wa katekisimu Jumapili ya kwanza walioruhusiwa kurudi.